Wingu Lililokawia Kwetu

Tk.

Sauti ndogo, kama kucha ikigonga kikombe cha bati. Ilitoka kwenye kisanduku nilichokipigilia mwenyewe juu ya mlango wa jikoni, nami gizani, macho nimeyafumba, nikajua ni saa kumi na moja alfajiri na zamu yetu ya wingu imeanza.

Baada ya sauti hiyo huja kimya kifupi, halafu nyaya za wavu unaoshika wingu kule nje huanza kuvuma, mvumo wa nyuki walio mbali. Kisha wingu linafika. Halipigi hodi. Linateremka kutoka kwa jirani wa juu, linajilaza juu ya paa letu, linapenya kwenye upenyo wa dirisha, na chumba kinaanza kunuka majani mabichi na mawe yaliyolowa. Nje, tone la kwanza linaanguka ndani ya pipa. Halafu la pili. Halafu huwezi tena kuyahesabu.

Naetwe alikuwa amelala ubavuni mwangu, miguu yake ya miaka mitano imenikanyaga tumboni. Niliweka kiganja mgongoni pake nikasikiliza. Kabla ya wingu, pumzi yake ilikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayefagia sakafu kavu kwa ufagio wa chelewa. Wingu lilipoingia mkwaruzo ukalainika, ukazidi kulainika, mwishowe sikuusikia tena.

Ikabaki sauti ya pili. Rilei yangu, swichi ya umeme iliyo ndani ya kisanduku kile, ina sauti mbili: tk ikishika, to ikiachia. To hutakiwa kusikika saa kumi na mbili na nusu. Hapo wavu unapoteza umeme, wingu linafunguliwa, linateremka kwa Bibi Namkunda, ambaye nyumba yake ndiyo ya mwisho kwenye mteremko wetu.

Dirisha likapauka. Jogoo akawika, akajibiwa. Kulikucha kabisa. To haikuja.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa haiji. Siku ya kwanza nilidhani nilipitiwa na usingizi. Siku ya tatu nilijua kuna kitu kimeharibika. Na kuanzia siku ya nne, Mungu anisamehe, nilikuwa nalala pale nikiomba isije, maana katika siku hizo zote mwanangu hakuwa amekohoa.

*

"Mama," Naetwe aliuliza akiwa na uji kwenye ndevu ambazo hana, "mbona Bibi Namkunda haiti siku hizi?"

Nilijifanya nakoroga sufuria.

Huku kwetu Upare, tangu enzi za mifereji, anayepokea maji huita. Maji yakifika shambani kwako unapaza sauti, "Yamefika!" ili wa juu yako ajue hayakupotea njiani. Mvua za vuli zilipoacha kuja zenyewe, na serikali ikasimamisha milingoti kileleni ya kuchunga mawingu kama ng'ombe, kila kitongoji kikapewa wingu moja kwa siku, na sisi tukaligawa kwa zamu kama tulivyogawa maji ya ndiva, lile bwawa la mababu pale juu. Hata mwito tuliuhamisha. Kila asubuhi sauti ya Bibi Namkunda ilipanda mlima, nyembamba na yenye ubishi: "Limefika!"

Nilikwenda dirishani. Migomba yake ilikuwa imeinama, majani yamekuwa ya rangi ya karatasi kuukuu. Na kwenye kijia kinachotoka bondeni nilimwona yeye mwenyewe anapanda, ndoo kichwani, anasimama kila hatua kumi. Umri wa miaka sabini na moja. Hakutazama juu.

Bibi huyu ndiye aliyenicheka mbele ya watu siku ya msaragambo, kitongoji kizima tukiwa na majembe mkononi, aliposikia kwamba rilei ya nyumba yangu nimeitengeneza kwenye masomo ya jioni badala ya kusubiri ile ya kufungiwa na serikali. "Kidude cha shule ya jioni," alisema. "Siku kikiugua, mtakipeleka zahanati gani?" Watu walicheka mpaka wakaegemea majembe. Nami nilicheka, ila usoni nilikuwa nawaka.

Nilifuta meza, nikateremsha kisanduku.

"Kinaumwa?" aliuliza Naetwe.

"Ndiyo tunatazama."

"Kina homa?"

Niligusa rilei kwa kidole. Ilikuwa ya vuguvugu. "Kidogo."

Mwalimu Senzighe, aliyetufundisha nyuma ya ofisi ya kata, taa moja watu kumi, alizoea kusema kifaa kibovu ni kama mtoto mchanga anayelia: usiulize kwanza kwa nini, uliza wapi. Basi nikaanza kuuliza wapi. Ndani ya rilei kuna koili, waya mwembamba uliosokotwa mara nyingi. Ukiipa umeme inakuwa sumaku, inavuta ulimi wa chuma, ulimi unakutanisha meno mawili, na kupitia meno hayo umeme mkubwa unakwenda kwenye wavu. Ukiukata umeme, springi inaurudisha ulimi. Ugonjwa unaojulikana ni cheche. Meno yakiachana taratibu, cheche huyayeyusha yakagandana, na hapo hata ukate umeme hayaachi tena.

Nilikuwa nimeshaamua kuwa ni hivyo. Nilifungua kifuniko kwa ncha ya kisu nikitarajia weusi.

Meno yalikuwa safi. Yaling'aa kama meno ya Naetwe.

Nikapima koili kwa mita: sawa. Dayodi inayoilinda: imeelekea inakotakiwa kuelekea. Transista: nzima. Nikatoa rilei mpya niliyokuwa nimeihifadhi ndani ya soksi, nikaifunga pahali pa ile ya zamani, nikaijaribu. Tk. Nikasubiri. Haikuachia.

Nilimpigia mwalimu.

"Anande," alisema, nyuma yake kuku wanalalamika. "Umebadilisha rilei na ugonjwa umebaki?"

"Umebaki."

"Basi mgonjwa si yeye. Kumbuka ulivyoiunganisha. Wenzako tisa waliweka saa. Wewe nilikuuliza, saa yako iko wapi? Ukanijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimjibu kwamba kwetu mtu hajifungii maji. Ukiwa na zamu unamwagilia, na anayefuata ndiye huja kufunga mlango wako akayachukua. Kujifungia mwenyewe ni kama kumfukuza mgeni ambaye bado hajafika. Kwa hiyo rilei yangu niliifanya ijishike yenyewe: ikishavuta, inajilisha umeme kupitia jozi yake nyingine ya meno, na haiachii mpaka kitufe kibonyezwe kule chini kwa Bibi Namkunda na mshtuko mdogo wa umeme upande kwenye waya kuja kuikata, au umeme wa nyavu zote uzimwe kileleni saa mbili asubuhi. Siku ile mwalimu aliuchora mchoro wangu ubaoni.

"Haina ugonjwa," alisema sasa. "Inakutii. Pima waya wa kutoka chini."

Nilipima. Sindano ya mita ililala kwenye sifuri kama paka juani.

"Fuko amekata waya," nilisema.

"Labda. Ufuate."

Nilikata simu nikabaki nimeketi. Naetwe alikuwa sakafuni akiizungusha rilei ya zamani kama gari, akinguruma kwa mdomo, na pumzi yake ilikuwa kama ya mtoto yeyote. Kifua chake kinahitaji saa tatu za wingu. Akizipata, kinashika mpaka jioni. Zamu yetu ni saa moja na nusu. Ile nusu ya pili ilikuwa ya mtu mwingine, na mwanangu alikuwa ameivuta siku kumi na tisa.

Ningeweza kuirudisha mita kwenye kikapu. Fuko ni wengi mlimani, na hakuna anayemshitaki fuko.

"Vaa viatu," nilimwambia. "Twende kwa Bibi."

*

Waya ulikuwa mzima. Niliushika kati ya vidole viwili nikateremka nao hatua kwa hatua, chini ya mianzi, kando ya mawe, Naetwe mbele yangu akiruka kila penye kivuli. Hatua mia mbili na ushee. Hapakuwa na jino la fuko popote. Kadiri tulivyoshuka ndivyo udongo ulivyozidi kuwa mwekundu na mwepesi, ukiinuka chini ya viatu vyetu. Nilimfunga Naetwe khanga puani.

"Hodi."

"Karibuni." Bibi Namkunda alikuwa ameketi kizingitini, ndoo ya bondeni ubavuni mwake, maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Midomo ilikuwa imempasuka. Aliitazama mita iliyoning'inia shingoni mwangu. "Leo mmekuja na mitambo."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kidude kimewashinda?"

"Kidude ni kizima. Nimekuja kukiangalia kitufe chako."

"Kitufe changu kina afya kuliko mimi."

Kilikuwa ukutani pale nilipokifunga mwenyewe, chini ya picha ya harusi yake. Nilikifungua. Mahali pa betri palikuwa patupu, pamefutwa vumbi vizuri.

"Bibi, betri iko wapi?"

"Nimeitia kwenye redio. Nasikiliza kwaya." Alivuta upande wa khanga yake. "Au siku hizi mzee akitaka kusikiliza kwaya aombe kibali ndivani?"

Nilihisi uso unaniwaka kama siku ile ya majembe. Siku kumi na tisa za dhambi yangu, kumbe kwa sababu ya kwaya. Nilikuwa natafuta neno la heshima la kumwambia mtu mzima kwamba amefanya upuuzi, wakati Naetwe alipoifikia redio kwenye kigoda na kuzungusha swichi yake. Kimya. Akazungusha tena, akaiwekea sikio.

"Bibi, redio yako imelala."

Akageuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma kwa ustadi wa mtoto aliyekulia kwenye meza yangu. Ndani hamkuwa na betri. Kulikuwa na buibui, naye alikasirika.

Bibi Namkunda aliutazama mteremko.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu ule usiku alipokohoa mpaka nikaamka mimi. Kikohozi kinashuka mlima vizuri kuliko wingu, hulijui hilo? Kulipopambazuka nikaweka kidole kwenye kitufe. Nikakiondoa. Nikasema, acha limalizie usingizi kulekule. Kesho yake nikaona kidole kitanisaliti, nikatoa betri."

"Ungeniambia, Bibi."

"Ningekuambia ungekataa. Una kiburi wewe. Tena ungekuja kunishukuru hapa, na mimi sitaki kushukuriwa na watu wa shule ya jioni, wana maneno mengi."

Niliivua mita shingoni. Nikachuchumaa mbele yake, maana kuna maneno hayasemwi ukiwa umesimama juu ya kichwa cha mtu mzima.

"Na mimi nilijua halishuki," nilisema. "Sikujua kwa nini, lakini nilijua. Siku kumi na sita nimelala nikisikiliza, na sikuinuka."

"Najua kwamba ulijua."

"Ulijua?"

"Mama gani asingejua?"

Naetwe alikuwa anamsemesha buibui.

"Migomba yako inakufa," nilisema.

"Mgomba hauna mama wa kuuhesabia pumzi."

"Na wewe je?"

"Mimi nimekunywa mawingu tangu yalipokuwa yanakuja yenyewe, bila nguzo, bila kuitwa. Yalikuwa yanakaa siku tatu hapa uani, hatuonani na jirani. Nimeshiba." Lakini aliusogeza mkono kuificha ndoo.

Betri ilikuwa ndani ya kopo la kahawa, imefungwa kwa kitambaa pamoja na karafuu. Niliishika. Ndogo kama kidole gumba changu. Nikiirudisha, Bibi atapata maji na mwanangu atapata nusu ya kifua. Nikiiacha, mwanangu atapumua na Bibi ataendelea kupanda na ndoo mpaka siku ambayo hatapanda. Nilipanga na kupangua mchoro kichwani kama ninavyofanya nikiwa nafua: saa hapa, kitufe kule, robo saa kwako, robo saa kwangu. Kila nilivyounganisha, upande mmoja ulikauka. Wingu ni moja. Nguzo zimechimbiwa. Wavu umefungwa, waya umepigiliwa, nyumba hazihami.

Naetwe alipita kati yetu akikimbia, akatoka uani, akarudi.

Kila kitu kwenye mchoro wangu nilikuwa nimekipigilia msumari, isipokuwa yeye.

"Bibi," nilisema polepole, nikiogopa wazo lisiniruke, "unaamka saa ngapi?"

"Mimi silali, nitaamkaje?"

"Nikikuletea Naetwe asubuhi, kabla zamu yangu haijaisha. Amelala kwangu na wingu, halafu anakuja kulipokea hapa kwako. Halitakawia kwetu. Yeye ndiye atakawia na wingu."

Bibi Namkunda alimtazama Naetwe kuanzia viatu mpaka nywele, kama mtu anayechagua kuku.

"Anakojoa kitandani?"

"Sikojoi," alisema Naetwe.

"Ana kelele?"

"Hiyo anayo," nilisema.

Bibi aliilamba midomo yake iliyopasuka. "Basi aje," alisema. "Sauti yangu ya kuita imekauka. Ataita yeye."

*

Jioni hiyo niliwasha pasi ya kuchomelea, nikaiongezea rilei kitu kimoja. Nilikuwa nimetengeneza mashine inayomsikia anayeomba tu, nikaiona ni adabu. Sikuwaza juu ya mtu anayenyamaza. Sasa nikaipa saa ndogo: hata kusipobonyezwa kitufe, saa moja kasoro robo itaachia yenyewe. Risasi iliyeyuka, ikametameta kama umande, ikaganda. Nilitamani mwalimu angeiona.

Tk.

Saa kumi na mbili nilimviringisha Naetwe kwenye khanga nikateremka naye tukiwa ndani ya wingu. Miguu yangu sikuiona. Nilikuwa kama natembea kwenye ndoto ya mtu mwingine, mianzi inatokea, inatutazama, inapotea, na uzito pekee duniani ulikuwa kichwa cha mwanangu begani. Halafu wingu likaisha ghafla kama upindo wa nguo, na mbele yetu kukawa na hatua hamsini za vumbi jekundu. Nilizitembea haraka. Hata hivyo alikohoa. Mara moja, halafu mara ya pili, kile kikohozi cha zamani, na miguu yangu ikataka kugeuka.

"Mlete," ilisema sauti kizingitini.

Nilimlaza kwenye kitanda cha Bibi, chini ya kitufe nilichokirudishia betri jana yake. Nilimwonyesha mtoto pa kubonyeza na wakati gani. Bibi alimfunika shuka yake mwenyewe na kuniambia nirudi kwenye kidude changu, maana mtu akisimamiwa hawezi kusinzia.

Nilirudi. Nilisimama jikoni, nikainua uso kuelekea kisanduku. Nje matone yalikuwa yanaanguka ndani ya pipa, mengi, ya kwetu kwa dakika chache zaidi. Nyaya zilivuma. Niliwaza vumbi la kule chini na kifua kidogo kinachosubiri, na nikajua kwamba ningeweza bado kushika waya huu hapa kwa vidole viwili na hakuna ambaye angejua. Nilifumbata mikono kwapani.

To.

Ilikuwa sauti laini mno, kama mtu anayeacha kushika kitu bila kinyongo. Kidole cha Naetwe kilikuwa kimepanda mlima.

Mvumo wa nyuki ukafa. Wingu likabaki kidogo juu ya paa, kama lisiloamini, halafu likajikusanya. Niliona pipa likitokea, kisha uzio, kisha uwanja mtupu na nyayo zetu. Upindo wake mweupe ulipita juu ya mianzi bila kuitikisa, ukateremka, ukayafunika mawe, ukaifunika migomba iliyoinama, ukaifunika nyumba. Baada ya hapo sikuona kitu.

Nilisikiliza. Nimejifunza kusikiliza kuliko kitu kingine chochote. Nilisubiri mkwaruzo, nilisubiri kikohozi, kwa maana vinapanda kama vinavyoshuka. Jogoo aliwika nisimsikie. Tone la mwisho lilining'inia kwenye ukingo wa bati, likajaa, halikuanguka.

Kisha kutoka ndani ya weupe ule, chini kabisa, ikapanda sauti safi isiyokwaruza popote:

"Mama, wingu limefika."